Kabla Hujapeleka Wanafunzi Mapango ya Amboni

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kule Muheza ameniletea ujumbe. Ana wanafunzi 40, basi limeshakodiwa, safari ya Mapango ya Amboni, Tanga, ni katikati ya Aprili, na anauliza kama watoto wabebe masweta. Mwalimu wangu, masweta yabaki nyumbani. Cha kubadilisha ni tarehe.

Joto la ndani ya pango hufuata wastani wa joto la mwaka mzima wa mahali lilipo, na kwa Tanga ni nyuzi 26 hivi. Humo hakuna baridi, kuna fukuto. Aprili nayo ni masika yenyewe: njia ya kuingilia inakuwa tope, Mto Mkulumuzi unajaa, na ndani udongo uliochanganyika na kinyesi cha popo unateleza kama sabuni. Nenda kati ya Juni na Septemba. Januari na Februari panapitika pia, ila jua lake mnalijua.

Mapango yako kama kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, kando ya barabara ya Horohoro, upande wa Kiomoni. Wasio na basi hupanda daladala ya Amboni, wanashuka njia panda na kutembea kilomita mbili na ushei. Piga simu siku kadhaa kabla, uliza viingilio vya wakati huo na uombe namba ya malipo mapema. Watoto 40 kusimama langoni wakingoja mtandao urudi ni kuumaliza ubaridi wa asubuhi bure.

Sasa mwanga, maana hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Wazoefu wa mapango huingia na vyanzo vitatu vya mwanga kwa kila mtu. Kwa shule hiyo ni gharama, lakini usishuke chini ya tochi moja kwa watoto wawili, tochi ya kichwani kwa kila mtu mzima, na betri za akiba mfukoni, si kwenye begi lililobaki ndani ya basi. Simu isiwe taa kuu. Inakula mkono mmoja, na kuna sehemu utainama, kuna sehemu utapita ubavu-ubavu ukitafuta pa kujishikiza. Ikikuponyoka ikaingia kwenye ufa, umepoteza simu na taa kwa pamoja. Usiku wa kuamkia safari ziwashe tochi zote kwa saa nzima. Zile za bei rahisi hung'aa dakika za mwanzo, kisha hufifia taratibu, na ni bora ulijue hilo ukiwa kwako. Mienge na mishumaa usifikirie kabisa, moshi wake unaganda ukutani na hautoki. Mkifika, kaeni kivulini dakika 10 kabla ya kuingia. Macho yaliyotoka juani hayaoni kitu, ndiyo maana watu hujikwaa hatua za mwanzo tu.

Usiwaingize wote 40 kwa mkupuo. Msururu ukiwa mrefu, wa nyuma hawamsikii mwongozaji, wanasukumana, na pakiwa pembamba wa mbele hawana pa kwenda. Gawa makundi manne ya watoto 10. Mtu mzima mmoja afuatane na mwongozaji, mwingine afunge mkia. La kwanza liingie saa 3:00 asubuhi, mengine yafuate kila baada ya dakika 20. Ziara ikichukua saa moja, saa 5:00 mmemaliza. Hapo unahitaji watu wazima wanane wa ndani, na wa tisa wa kukaa na wanaosubiri nje, mbali na mto.

Viatu ni raba zenye meno. Kandambili hapana. Msichana mwenye baibui au gauni refu avae suruali ndani, pindo likunjwe na kufungwa kwa kanga kiunoni. Mwenye pumu mzazi wake aulizwe kwanza, kwani vumbi la kinyesi cha popo linaweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu. Barakoa isaidie wengine. Popo wasiguswe, chakula kisiingie, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Mkiwa ndani, wasogeze watoto kwenye jiwe moja linaloning'inia, waangalie ncha yake. Kuna tone limetulia. Maji hayo yalipopenya ardhini yalichukua hewa ya kaboni, yakawa asidi dhaifu, yakayeyusha chokaa njiani. Hapo nchani hewa hiyo inatoka na chokaa inabaki, utando usioonekana kwa jicho. Kwa kawaida jiwe halirefuki hata milimita 1 kwa mwaka. Kipande cha urefu wa kidole huenda kina mamia ya miaka, na mafuta ya kiganja yanatosha kuzuia chokaa mpya isishike. Halafu mtu mzima, mwenye watoto wake, anatoa msumari na kuchora jina la mpenzi wake! Inauma. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964, lakini mtoto hatajifunza heshima kutoka kwenye sheria kama mwalimu wake mwenyewe anaegemea ukuta.

Vivyo hivyo kwa Mzimu wa Mabavu, mahali humo pangoni ambapo watu bado wanapeleka sadaka kuomba uzazi na nafuu. Dini yako iwe yoyote, usicheke, usiguse, na picha uliza kwanza.

Watoto watakuuliza kama njia inatokea Mombasa, au kama kweli mbwa aliyepotelea humu aliibukia Kilimanjaro. Waambie ni hadithi, na tamu. Wapimaji wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango haya mwaka 1994, wakahesabu kumi, na lililo refu kuliko yote ni mita 900.

Kabla ya kutoka, kundi likae chini penye nafasi, tochi zote zizimwe kwa nusu dakika. Mkono ulio mbele ya uso hauonekani, matone yanasikika moja moja. Kisha washa ya kwako kwanza, uhesabu vichwa. Wawe 10.