Sherehe ya mtoto, nepi za khanga na akika ukiwa na mimba kubwa: majibu kwa dada wa Mikindani, Mtwara

Dada, kwa kifupi umeuliza hivi: mwanao wa kwanza anatimiza miaka mitano mwanzoni mwa Desemba, na siku hiyo mimba itakuwa na wiki 36. Unataka keki, vitafunwa na mapambo ya kutengeneza mwenyewe hapo nyumbani kwa watu 25. Unataka pia kushona nepi za anayekuja, kujua mapema akika (sadaka ya kuchinja mbuzi kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa) ipangwe vipi, na mwishoni umegusia kitanda cha mbao cha zamani. Leo una wiki 30, yaani wiki sita mkononi.

Jambo la kwanza kabisa: kila utakachopanga kiwe kinaweza kumaliziwa na mtu mwingine bila kukuuliza. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 huhesabiwa njiti, na uchungu haungojei keki iive. Kwa hiyo kila kazi iwe na boksi lake, ndani vitu vyote vya kazi hiyo na karatasi yenye vipimo kwa maandishi makubwa. Wifi au shangazi akifungua boksi la keki, akute bati, sukari iliyopimwa, iliki na maelekezo. Ukifanya hivyo, hata ukiwa wodini, mtoto wako atapata siku yake.

Anza na ushonaji, maana ndio utakaokushinda baadaye. Lenga kumaliza wiki ya 34. Baada ya hapo tumbo linagonga meza ya cherehani, na kama ni cherehani ya miguu, vifundo vya miguu vitavimba. Kaa nusu saa, inuka, tembea, kunywa maji, kisha lala kidogo kwa ubavu, miguu ikiwa juu ya mto.

Khanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Ukikata miraba ya sentimita 55 unapata nepi nne, na ukanda wa sentimita 40 kwa 110 unabaki. Doti moja, yaani khanga mbili, inatoa nepi nane. Mtoto mchanga hubadilishwa mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, na wako atazaliwa mvua zikiwa zimeshika, nguo zinaweza kuchukua siku mbili kukauka. Kwa hiyo 24 ndicho kiwango cha chini: doti tatu. Khanga zilizochakaa ndizo bora, ni laini na rangi imeshatoka yote. Kama ni mpya, fua kabla ya kukata, usikate kwanza. Pamba husinyaa, na nepi iliyokatwa mraba itatoka imepinda kama jani. Loweka kwenye maji baridi na ubadilishe maji mpaka yatoke meupe. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazochuja kwa muda mrefu, kwa hiyo ziloweke peke yake. Wanga wa kiwandani nao ukibaki, kitambaa hakinyonyi, mkojo unateleza juu yake.

Pindo likunjwe mara mbili, sentimita moja kila mkunjo, sindano namba 14. Khanga peke yake ni nyepesi, itavuja. Kata mataulo ya zamani vipande vya sentimita 15 kwa 40, utie kimoja katikati ya mkunjo. Usikishonee kwenye nepi, kwa sababu taulo likishonewa hukauka polepole na sehemu hiyo ndiyo inayoanza kunuka. Pini ziwe zile zenye kichwa cha plastiki kinachojifunga.

Kuna jambo moja watu wa pwani yetu tusilichukulie juujuu: kupiga pasi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa kwenye majani, na buu wake huingia kwenye ngozi na kufanya jipu. Anika kwenye kamba, juani, kisha piga pasi pande zote mbili, hasa kwenye mapindo na mishono, maana hapo ndipo unyevu na mayai hubaki. Nepi ya pasi upande mmoja haijapigwa pasi.

Zile kanda sita zilizobaki usizitupe. Mbili zitoshe kwa bendera za mapambo: kata pembetatu zenye kitako cha sentimita 18 na urefu wa 20, moja ikitazama juu na nyingine chini, ili zilale pamoja bila kupoteza kitambaa. Ukanda mmoja una safu mbili, kila safu bendera 11. Kanda mbili ni bendera 44, na ukizishonea kwenye kamba bila nafasi unapata karibu mita nane, zinatosha kuzunguka baraza. Zinafuliwa na kutunzwa, siku ya akika mnazitundika tena. Puto mimi sishauri: kwa joto la Desemba hupasuka kabla wageni hawajafika, na vipande vyake watoto wadogo huvitia mdomoni. Kanda nne zilizosalia zinatoa bibu nane za safu mbili. Zifungwe kwa kifungo cha kubana shingoni, zisiwe na kamba ndefu, na mtoto avuliwe kabla ya kulala.

Mwanao naye apewe kazi, vinginevyo ataona mambo yote ni ya mdogo wake. Kadi za mwaliko zinamfaa. Kata bamia kubwa kwa upana, kipande kina umbo la ua lenye pembe tano au zaidi. Futa ute kwa kitambaa na uiache wazi kama saa mbili, kwa sababu ute ukiwepo rangi haikamati, inatawanyika. Mpe rangi ya chakula kwenye kisosi chenye kipande cha sponji, achovye na kugonga, asiburuze. Kadi 15 ni kazi ya asubuhi moja.

Na kama unataka kumshonea mtoto mkeka wa mita moja kwa moja na nusu, na ukili wako (ukanda uliosukwa kwa miyaa, majani ya kusukia) una upana wa sentimita tano, unahitaji mita 30, yaani pima 17 hivi, na uongeze pima mbili za mishono na kunyoosha. Kusuka waweza, kwa vipindi vifupi, ukiegemea ukuta. Kuchemsha miyaa kwenye rangi mwachie mtu mwingine, nje, wewe ukae mbali na mvuke. Ukikosa muda, nunua ukili uliokwisha kusukwa, ushone tu.

Sasa chakula. Kwa saa kumi alasiri huhitaji pilau. Keki, kashata, mihogo au ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha kama imepatikana sokoni, maembe ya kukata na juisi, basi. Keki moja ya watu 25: unga wa ngano gramu 500, sukari 350, majarini 250, mayai sita, baking pauda vijiko vinne vya chai, tui zito mililita 250, iliki. Piga majarini na sukari mpaka iwe nyeupe, tia yai mojamoja, kisha unga na tui kwa zamu. Bati la sentimita 24 hadi 26. Kama huna oveni, chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu kina cha vidole viwili, funika na uupashe robo saa, ndipo uweke bati. Mkaa theluthi mbili juu ya mfuniko, theluthi moja chini. Wengi hukosea hapa, huweka moto mwingi chini, keki inaungua kitako na katikati bado uji. Usifunue kabla ya dakika 35, itazama. Kati ya dakika 45 na 55 choma njiti katikati, ikitoka kavu imeiva.

Jiko la mkaa liwe nje, hata mvua ikinyesha lihamishiwe chini ya banda lililo wazi, si jikoni wala barazani palipofungwa. Hewa ya mkaa haina harufu, inaingia kwenye damu badala ya oksijeni, na mtoto tumboni huathirika hata kabla mama hajahisi kizunguzungu. Na usilambe mchanganyiko wa keki, una mayai mabichi.

Kashata za korosho ndizo zitakazowatambulisha wageni kwamba wapo Mtwara. Korosho zilizobanguliwa gramu 500, sukari 300, maji mililita 100, iliki nusu kijiko cha chai, matone machache ya ndimu. Chemsha sukari bila kuikoroga mpaka iwe na rangi ya asali, tia korosho zilizokaangwa, geuza haraka, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha kwa chupa na ukate ndani ya dakika mbili. Ukichelewa inakuwa jiwe. Ikitoka nyeupe na kumomonyoka, umeikoroga sana au umesahau ndimu. Zikipoa tu zitie kwenye bati lenye mfuniko, unyevu wa Desemba huzifanya zinate kwa saa chache. Kazi hii afanye mtu asiye na tumbo mbele, sukari ya moto ikiruka haifutiki. Tafadhali msichome korosho zenye maganda nyumbani kwa kuwa ni msimu: mafuta ya ganda huunguza ngozi na moshi wake hukereketa macho na kifua. Waulize wazazi kama kuna mtoto ambaye korosho humdhuru.

Mabibo kama bado yapo, kamua na mnywe siku ileile. Ya jana yameshaanza kuwa uraka, yaani pombe ya mabibo, nawe huruhusiwi hata tone.

Kuhusu akika: sunna ni siku ya saba, ikishindikana ya 14 au ya 21, mbuzi wawili kwa mvulana, mmoja kwa msichana. Siku hiyo wewe ni mzazi wa wiki moja, kwa hiyo yote yawe mikononi mwa wazee na baba yake. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai hutoa nyama ya kilo 11 au 12 pamoja na mifupa. Kwa wageni 40, mchele kilo sita. Mtoto anyolewe kwa wembe mpya. Asipakwe wanja, mwingine una madini ya risasi, wala asilambishwe asali kabla ya mwaka mmoja. Mwenye kikohozi amwone kwa mbali. Mkusanyiko mkubwa uacheni mpaka arobaini.

Mfuko wa kujifungulia na kadi ya kliniki viwe tayari kabla ya bendera kutundikwa, na gari liwe limeshapangwa, kwa sababu kutoka Mikindani hadi mjini ni kama kilomita 10. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, damu au maji yakitoka, au mtoto akipunguza kucheza, ondoka saa hiyohiyo, keki ibaki motoni.

Kitanda: usikwangue rangi ya zamani wewe mwenyewe, huenda ina risasi. Fundi akwangue nje, kwa maji, wewe usiwepo. Apake sasa hivi, si Desemba, ili harufu iwe imeisha kabisa. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita sita, godoro lijae pembe zote bila mwanya wa kuingiza vidole viwili, pasiwe na mto wala toi ndani. Chandarua chenye dawa kining'inizwe kwenye pete juu na kichomekwe chini ya godoro pande zote nne.