Daktari, kabla hujachukua fomu ya ubunge

Jimboni watakupa kura kwa sababu ulimpasua mama yao akapona, au kwa sababu uliamka usiku wa mvua ukamzalisha binti yao. Kazi watakayokutuma Dodoma ni nyingine kabisa. Huko utakuta miswada, kanuni, kamati na vitabu vya bajeti, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo tulichofundishwa chuoni. Ndiyo maana kila uchaguzi unapokaribia, madaktari vijana niliowahi kufanya nao kazi wakinipigia simu kuniambia kwamba wazee wa jimbo wamewaita, huwa siulizi wana kadi ya chama au wana fedha za kampeni. Nawauliza kama wamewahi kukisoma kitabu cha bajeti cha halmashauri yao mwanzo hadi mwisho.

Nimekuwa DMO, yaani mganga mkuu wa wilaya, kwa miaka mingi, katika zaidi ya halmashauri moja. Kwa kuwa mbunge kwetu ni mjumbe wa baraza la madiwani, nimekaa nao kwenye vikao, nimejibu maswali yao, nimezunguka nao vijijini. Wapo waliokuwa walimu, wapo wafanyabiashara, na yupo rafiki yangu niliyesoma naye udaktari, aliyeshinda ubunge nikiwa bado kazini. Ninayoandika hapa mengi nimeyaona kwake.

Niseme mapema kwamba nataka madaktari waingie bungeni. Wametangulia wengi. Hussein Mwinyi ni daktari aliyekuwa mbunge tangu 2000, akawa Waziri wa Ulinzi na baadaye wa Afya, na tangu 2020 ni Rais wa Zanzibar. Faustine Ndugulile aliingia mwaka 2010 kwa jimbo la Kigamboni, akawa Naibu Waziri wa Afya, na Agosti 2024 nchi za Afrika zilimchagua kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kwa kanda yetu. Alifariki Novemba mwaka huohuo kabla ya kuanza kazi, na mimi nilimlilia kama ndugu ingawa hatukuwa tukijuana kwa karibu. Yumo Hamisi Kigwangalla aliyeiwakilisha Nzega, yumo Godwin Mollel wa Siha. Kwa jirani zetu Kenya, Naomi Shaban, daktari wa meno, aliiwakilisha Taveta tangu 2002 hadi 2022, na James Nyikal, daktari wa watoto, anaiwakilisha Seme tangu 2013.

Faida ya daktari mbunge niliiona vizuri siku tuliyokwenda kukagua boma la zahanati. Kijiji kilikuwa kimejitolea mchanga, mawe na nguvu, wakapandisha kuta hadi kwenye lenta, wakaishia hapo. Walikuwa wanaomba bati. Mfuko wa Jimbo, uliopo kwa sheria ya mwaka 2009, mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe, na kazi ya namna hiyo ndiyo hasa unayoimudu, kwa kuwa si fedha nyingi. Mbunge yeyote angeahidi bati, akapigiwa vigelegele, tukaondoka. Rafiki yangu aliingia ndani, akasimama kwenye kile ambacho kingekuwa chumba cha kujifungulia, akauliza: "Kondo la nyuma mtalitupa wapi?" Kimya. Akauliza maji ya kunawa mkunga yatatoka wapi usiku wa manane. Mwenyekiti wa kijiji akamtazama mhandisi, mhandisi akanitazama mimi. Basi ile fedha ikagawanywa: bati, shimo la kondo, na tanki la maji ya mvua. Miezi ya mbele akina mama walianza kujifungua pale, na mkunga alikuwa na mahali pa kunawia mikono. Swali kama lile hulipati kwa mtu ambaye hajawahi kuzalisha.

Sasa tuje kwenye bajeti, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo madaktari wengi wanapopotea. Daktari akishinda, kitu cha kwanza anachotamani ni kupangwa Kamati ya Afya. Si vibaya. Lakini zahanati ya kijijini kwako, kituo cha afya cha tarafa na hospitali ya halmashauri vyote vinasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Wizara ya Afya ina sera, miongozo, hospitali za rufaa za mikoa na zile kubwa za kitaifa. Ukifungua vitabu, Wizara ya Afya ni Fungu 52 na Ofisi ya Rais TAMISEMI ni Fungu 56, na halmashauri yako utaikuta chini ya fungu la mkoa wake. Daktari anayesimama siku ya bajeti ya Wizara ya Afya na kulalamika kwamba zahanati yake haina mtumishi anajibiwa kwa upole kwamba suala hilo limepokelewa, kisha halifiki popote, kwa sababu siku ya kulisemea ilishapita ilipokuwa zamu ya TAMISEMI, naye hakuomba kuchangia.

Rafiki yangu alilijua hili mapema kwa sababu nilimwambia, naye akanisikiliza. Wakati wa Bunge la Bajeti, lile la kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, alikuwa akinipigia usiku akiwa na vitabu mezani. Tulikuwa tunatafuta vitu viwili tu kwenye kila mstari: fedha iliyoidhinishwa mwaka unaokwisha, na fedha iliyopokelewa hadi tarehe ile. Ukiviweka hivyo viwili sambamba, huhitaji hotuba ndefu. Waziri anaweza kubishana na malalamiko yako, ila jedwali lake mwenyewe hawezi kulikana. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, una haki ya kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuzuia usipitishwe, hadi upate maelezo. Nakushauri uishike kwa jambo moja lililokamilika, lenye namba na jina la kituo. Ukiishika kwa mambo matano, utairudisha bila jibu hata moja.

Kuhusu ahadi za jukwaani, nitasema kwa kifupi. Ibara ya 99 ya Katiba yetu haimruhusu mbunge kupeleka muswada unaoongeza kodi au matumizi ya serikali. Hilo ni la Rais kupitia waziri. Kwa hiyo usimwahidi mtu hospitali. Ahidi kuifuatilia, ueleze utaifuatilia wapi na lini, na watu wanaelewa ukiwaeleza hivyo. Wapiga kura wa vijijini wana akili kuliko wapambe wengi wanavyodhani.

Kwenye miswada, mfano mzuri kwa kizazi hiki ni Bima ya Afya kwa Wote. Muswada ulifika bungeni mwaka 2022, ukarudishwa nyuma, na ukapitishwa Novemba 2023. Kilichouchelewesha ni swali la fedha: nani atamlipia asiyejiweza, na kwa chanzo gani. Hapo ndipo daktari alitakiwa azungumze kwa undani. Sisi ndio tuliomwona mzee akiuza mbuzi ili alipie kitanda, na sisi ndio tunaojua kwamba CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilikuwa inamfikisha mgonjwa wapi na inamwachia wapi. Lakini kujua hayo hakutoshi. Mbunge akitaka neno libadilike kwenye kifungu lazima aandike jedwali la marekebisho, aliwasilishe kwa wakati, na asimame kulitetea kifungu kwa kifungu. Nimemsikia daktari mbunge akichangia kwa dakika zake zote, machozi yakimlengalenga, ukumbi mzima ukigonga meza, na mwisho akaunga mkono hoja kwa asilimia mia bila kupeleka marekebisho hata mstari mmoja. Sikulala vizuri siku ile. Ukishindwa kuandika jedwali, tafuta mwanasheria akusaidie. Hakuna aibu, wao nao hutuita sisi wakiumwa.

Jambo litakalokuchosha kuliko yote ni nyumbani kwako jimboni. Ukirudi wikiendi, kabla jua halijachomoza kibaraza kimejaa. Watu wamekuja na bahasha za eksirei, vyeti vya hospitali vilivyokunjwa hadi vimechanika kwenye mikunjo, watoto wamebebwa mgongoni. Hawakuja kwa mheshimiwa, wamekuja kwa dokta wao. Mwezi wa kwanza rafiki yangu aliwatibu. Aliandika dawa, akanunua nyingine kwa fedha yake. Nilimwambia kwa heshima kwamba anaua zahanati, maana kila anayetibiwa barazani ni mgonjwa ambaye hayumo kwenye takwimu za kituo, na kwa kuwa hayumo, hata mahitaji ya dawa yanayopelekwa Bohari ya Dawa yatakuwa pungufu.

Alibadilisha utaratibu. Hakumfukuza mtu. Alimweka katibu wake mlangoni na daftari, akawa anauliza kila mmoja: ulianzia kituo gani, ulikosa nini. Dawa, kipimo, mtumishi, au fedha. Aliyekuwa na hali mbaya alipelekwa hospitali palepale. Wengine walirudishwa kituoni na maelezo, na sisi ofisini tukapigiwa simu. Baada ya miezi michache lile daftari likaonyesha kwamba vituo vya upande mmoja wa jimbo vilikuwa vinakosa dawa ileile ya shinikizo la damu kila robo ya mwaka. Swali lake la msingi bungeni lilitoka humo, na maswali yake mawili ya nyongeza pia. Hakutaja jina la mgonjwa hata mmoja. Naomba ulishike hilo: kiapo cha siri hukiachi kwenye geti la Bunge. Hadithi ya mama fulani wa kijiji fulani mwenye ugonjwa fulani, kijijini kwao kila mtu anajua ni nani.

Na usimpime mgonjwa kutoka kwenye kiti cha ubunge. Marekani mwaka 2005, Bill Frist, daktari bingwa wa upasuaji wa moyo na kiongozi wa walio wengi kwenye Seneti, alisimama akatilia shaka utambuzi wa madaktari wa Terri Schiavo, mwanamke aliyekuwa amepoteza fahamu kwa miaka mingi, baada ya kumtazama kwenye video. Uchunguzi wa maiti uliotolewa Juni mwaka huo ulionyesha ubongo ulikuwa umeharibika kiasi cha kutorekebishika. Alikuwa bingwa wa kweli, na bado sauti ya siasa ilimvuta kusema alichokuwa hana uwezo wa kukijua akiwa pale.

Ukiwa na duka la dawa, maabara au hisa kwenye hospitali binafsi, liandike kwenye tamko lako kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, linalotakiwa kila mwaka ifikapo Desemba 31, na ulitamke tena kabla ya kuchangia hoja inayogusa biashara hiyo. Leseni yako ya Baraza la Madaktari Tanganyika nayo usiiache ife. Ubunge una muda wake, na nimewaona waliokosa kura wakihangaika kurudi wodini.

Usikubali pia wakufungie kwenye mambo ya afya peke yake. Boni Khalwale wa Kenya ni daktari, lakini bungeni alijulikana zaidi kwa kusimamia hesabu za serikali kama mwenyekiti wa kamati ya PAC, na ndiye aliyepeleka hoja ya kutokuwa na imani na Waziri wa Fedha Amos Kimunya mwaka 2008. Waziri alijiuzulu siku chache baadaye. Barabara inayompitisha mjamzito ni afya. Bei ya mafuta ya gari la wagonjwa ni afya.

La mwisho ni la hospitali unayoiacha. Zipo wilaya zenye daktari mmoja au wawili tu wanaomudu upasuaji wa dharura wa uzazi, na ukiondoka wewe, pengo lako halizibwi na kibali cha ajira cha mwezi ujao. Kwa hiyo anza mwaka mzima kabla. Mchague daktari msaidizi mwenye mikono mizuri, simama naye kwenye chumba cha upasuaji kila zamu, mwachie kisu huku ukimtazama, kisha umwachie ukiwa chumba cha pili, kisha ukiwa nyumbani na simu ikiwa wazi. Mfundishe na mtoa dawa ya usingizi pia. Wazee wa jimbo wakikuharakisha, waambie unamalizia kazi yao nyingine.