Mkuu, ripoti za watu waachie wenyewe

Hongera za cheo utapewa na wengine, mkuu. Mimi nimeganda kwenye aya ya tatu ya andiko lako la kuomba ushauri baada ya kufanywa msimamizi. Umeuliza uchukue kozi gani ya uongozi, uishi vipi na wenzako wanne mliokuwa ngazi moja ambao sasa wanakuita "bosi" kwa kejeli, uupange vipi muda wako, na kama ni lazima ujifunze kuzungumza mbele ya watu. Maswali yana maana yote. Halafu katikati ukachomekea, utadhani si jambo: "Kwa sasa ripoti zao naziandika upya mwenyewe usiku, mpaka watakapozoea kiwango changu."

Hawatazoea. Nakwambia mimi niliyesubiri wazoee hadi nikavuliwa cheo.

Nilipandishwa kwa sababu ileile iliyokupandisha wewe: kazi nilikuwa naiweza. Tulikuwa tunachambua takwimu za wateja na kuwaandikia ripoti zenye mapendekezo, na ripoti yangu ikienda huwa hairudi. Laurence Peter alishalisema hili mwaka 1969 kwenye kitabu chake The Peter Principle, kwamba mtu hupandishwa kwa kufanya vizuri kazi aliyonayo, tena na tena, hadi afike kwenye kazi asiyoiweza. Ningeambiwa siku zile ningecheka, maana nilijua anasemwa mwingine.

Kwenye timu kulikuwa na dada mmoja mwenye akili kuliko wote. Ukitaka ukweli wote, kuliko mimi pia. Akaniletea ripoti yake ya kwanza tangu niwe msimamizi, na ripoti haikuwa mbaya. Hapo ndipo ilipo sumu. Ingekuwa mbovu ningemrudishia tukayamaliza. Ilikuwa nzuri kwa namna isiyo yangu: mapendekezo kayaweka mwanzo, jedwali refu nililolizoea kalikata mawili, sentensi zake fupi fupi. Kosa lenyewe la kweli lilikuwa moja. Mauzo ya miezi mitatu ya mwisho wa mwaka alikuwa ameyalinganisha na miezi mitatu iliyotangulia, wakati biashara ya yule mteja kila mwaka hupanda mwishoni, kwa hiyo ilitakiwa ilinganishwe na kipindi kama hicho cha mwaka uliopita. Swali moja tu lingetosha: "Kwa nini umelinganisha na miezi hii?" Angeshtuka, angerekebisha, na asingerudia maisha yake yote.

Mimi nikafungua faili usiku nikaanza kufuta. Nilipomaliza, kurasa zilikuwa nyekundu tupu kwa alama za mabadiliko. Asubuhi nikamtumia na ujumbe: "Nimeweka sawa vitu vidogo vidogo." Tulikuwa tunakaa tukitazamana. Nikamwona anafungua, anashusha kurasa moja baada ya nyingine hadi mwisho bila kusimama popote kusoma, anafunga. Akaniandikia, "Asante bosi." Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikafurahi kwamba ameshukuru.

Kikaja kikao na mteja. Mkurugenzi wao akauliza swali la kawaida kabisa: hii namba ya ukurasa wa nne mmeipataje? Jina lililoko kwenye jalada ni la yule dada, watu wote wakamgeukia yeye. Yeye akanigeukia mimi. Hakuwa anaomba msaada, alikuwa anasubiri nijibu kwa sababu namba ilikuwa yangu. Nikajibu, tena kwa madaha. Kikao kikaisha mkurugenzi akiwa anaongea na mimi tu, na kuanzia wiki ile barua pepe zake zote zikawa zinakuja kwangu. Nikajiona nimemwokoa dada wa watu!

Sasa sikiliza sehemu ambayo hutaamini mpaka ikukute. Timu yangu haikuwa ya wavivu. Walipiga hesabu tu: kama nitakachoandika kitafutwa, jasho la nini? Rasimu zikaanza kuja nusu. Sehemu ya mapendekezo tupu, pembeni imeandikwa "bosi atajazia". Na mimi kila nikiona hivyo nasema, si mnaona? Hawawezi! Ndiyo hatari ya kosa hili, linajizalishia ushahidi wake. Unavyozidi kuwaandikia ndivyo wanavyozidi kuleta vibovu, na vibovu vinavyozidi kuja ndivyo unavyoona huna budi kuandika. Nikawa kiongozi wa watu sita na mfanyakazi wa saba, wa nane na wa tisa.

Mwaka 1974 William Oncken na Donald Wass walitoa makala kwenye jarida la uongozi la Harvard Business Review kuhusu meneja na nyani, nyani akiwa ni mzigo wa kazi. Mfanyakazi anakusimamisha koridoni: bosi, tuna tatizo. Nyani yuko mgongoni kwake. Wewe una haraka, unasema niachie, nitaliangalia. Palepale nyani kahamia mgongoni kwako. Kuanzia hapo yeye ndiye anayepita kukuuliza umefikia wapi, na wewe ndiye unayetoa visingizio. Sasa hapo nani anaripoti kwa nani? Mimi sikusubiri hata nyani waruke, nilikuwa napita meza kwa meza kuwakusanya.

Nikaugua. Si ugonjwa wa kutisha, homa tu ya kulala. Ripoti tatu zikakwama zikiwa zimekamilika, kwa sababu hakuna aliyethubutu kutuma kitu ambacho sijakipitia. Niliwafundisha hivyo mwenyewe. Muda si mrefu yule dada akaacha kazi. Barua yake ilikuwa na maneno ya heshima kama barua zote. Siku ya mwisho nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema, akasema: "Kaka, tangu uwe bosi sina ripoti hata moja iliyotoka nilivyoiandika. Nikienda kwenye usaili nitaonyesha nini?"

Wakubwa hawakuniuliza kuhusu ripoti, maana ripoti zilikuwa safi. Waliniuliza nani kwenye timu anaweza kukaa kwenye kiti changu wakinihamisha. Nikataja jina, wakauliza amewahi kusimamia kazi gani peke yake, nikaanza kukohoa. Baada ya hapo nikawa "mchambuzi mwandamizi", ambalo ni jina la kistaarabu la kushushwa cheo. Mshahara ulibaki palepale, kama kuna anayetaka kucheka acheke kwa kiasi.

Aliyenipoteza namkumbuka vizuri. Kabla ya kuanza usimamizi nilipelekwa kwenye mafunzo ya uongozi, siku nzima, mwezeshaji ana kipaza sauti cha shavuni na slaidi za tai anayepaa juu ya milima. Akatuambia kiongozi hamwagizi mtu kazi ambayo yeye mwenyewe hawezi kuifanya vizuri zaidi. Tukapiga makofi! Hebu fikiri, kwa kanuni hiyo daktari mkuu hawezi kuwa na mhasibu. Halafu likaja zoezi la kujenga mnara wa makaratasi kwa makundi. Mnara wetu ulishinda kwa sababu niliujenga peke yangu, wenzangu wakinishikia gundi. Yule bwana akanisimamisha mbele ya ukumbi, akanisifu kwa "kuonyesha njia". Nikikumbuka natamani nimtumie ankara. Na bosi wangu wa zamani naye akanisindikiza na busara yake: wakikuona unachafua mikono watakuheshimu. Mikono yangu sawa, lakini kumbe nilikuwa nachafua kazi za watu.

Na si kwamba jambo hili lilikuwa siri ya wachache. Google walianza mwaka 2008 uchunguzi walioupa jina Project Oxygen, na mwanzoni walikuwa wanajaribu kuona kama mameneja wana umuhimu wowote. Wakakuta wanao, wakapata tabia nane za meneja mzuri. Ya kwanza ni kuwa mlezi wa watu wake kikazi, kama kocha. Ya pili ni kuwaachia nafasi bila kuwaingilia kila hatua. Utaalamu wa kazi yenyewe, huo unaotufanya tupandishwe na huo unaokukeshesha usiku, ulikuwa wa nane. Wa mwisho, kwenye kampuni ya wahandisi. Slaidi ya hilo sikuiona, pengine tai aliifunika.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na ndiyo pekee niliyo nayo: kazi ukishamkabidhi mtu, mkono wako haugusi tena. Ikichelewa, haugusi. Ikija imepinda, haugusi. Unauliza, unaonyesha palipo na tatizo, unairudisha kwa mwenyewe.

Jasho linahamia mwanzoni, kabla hajaandika neno. Mnakaa mnakubaliana matokeo yanayotakiwa yaweje, lini, maamuzi gani ni yake kabisa, yapi aje kwanza kuuliza, na lini mtaitazama kazi ikiwa bado nusu. Hilo la mwisho ndilo watu wanaliruka, halafu wanaikuta kazi imeharibika usiku wa kuamkia siku ya mwisho, na hapo kweli kila mtu anashika kibodi.

Ukipitia rasimu, jitenganishe na ladha yako. Siku hizi nina timu tena, ndogo, na ninapitia kwa kalamu kwenye karatasi ili mikono isinidanganye. Pembeni naandika K pakiwa na kosa na L pakiwa na ladha yangu tu. Nikimaliza, za L zote nazikata kabla sijamwita mwenye kazi. Ripoti ya kwanza niliyoipitia hivyo ilikuwa na L kila aya na K moja, ya tarehe. Nilikaa na ile karatasi muda mrefu kidogo.

Na usidhani kusema mengi ndiyo kusaidia. Watafiti Kluger na DeNisi mwaka 1996 walikusanya tafiti nyingi kuhusu mrejesho kazini na kwingineko, wakakuta kwenye zaidi ya theluthi moja ya matokeo mrejesho ulishusha utendaji badala ya kuupandisha. Waliona kwamba nguvu yake hupungua kadiri unavyomfanya mtu ajifikirie yeye mwenyewe badala ya kuifikiria kazi. Ukurasa mwekundu mzima hausemi lolote kuhusu mauzo ya miezi mitatu, unamwambia mtu yeye ni nani machoni pako.

Najua utauliza, na ikiwa kazi yenyewe ni ya kufa na kupona? Zipo. Kama kosa lake halirekebishiki, usiikabidhi tangu mwanzo, ifanye wewe na useme wazi kuwa ni yako. Au kaeni pamoja, kibodi iwe kwake, wewe uongee. Kuikabidhi halafu kuinyang'anya katikati ndiko nisikokutakia. Na ndiyo, kuna wiki utapeleka kwa mteja kitu ambacho wewe ungekifanya vizuri zaidi, na tumbo litakuuma. Liache liume. Kama mteja hakuona tofauti, ilikuwa L.

Wenzako wanaokuita bosi kwa kejeli, mpe mmoja kazi inayoonekana, aiwasilishe mwenyewe kwa jina lake, wewe ukae nyuma na unyamaze hata akijikwaa. Siahidi kwamba kejeli zitaisha, wengine ndivyo walivyo. Kozi chukua yoyote, mradi analipa mwajiri na hakuna mnara wa makaratasi. Uliuliza pia kitu kuhusu kuzungumza mbele ya watu, hilo wapo wanaolijua kuliko mimi. Ukishindwa kuanza na yale ya kukubaliana kabla ya kazi, andika hapa kazi moja unayotaka kumkabidhi mtu wiki hii, bila majina, nikuonyeshe ningeipanga vipi.