Hela za kuhudumia wazee zinatoka wapi? Nawajibu

Wiki iliyopita niligusia kidogo tu habari ya mashirika yanayohudumia wazee na jinsi yanavyopata hela, basi meseji zikamiminika. Nimechukua zile zinazojirudia. Niseme mapema kwamba nimewahi kukaa miaka kadhaa kwenye uhasibu wa shirika la aina hiyo, jina tuliache, kwa hiyo kuna sehemu nitaongea kwa uchungu, mnivumilie.

Hivi hela yenyewe inatoka wapi hasa? Mimi kila nikiwaona wameshika kopo la michango.

Kopo ndo linaonekana ila ndugu yangu kopo haliendeshi shirika. Hela kubwa inatoka kwa watu wanaokatwa kidogo kidogo kila mwezi, kwenye wosia wa waliotangulia, kwenye ruzuku za serikali na mifuko ya wakfu, kwenye mikataba ya kutoa huduma, afu na biashara, hasa maduka ya mitumba. Hili la biashara si jambo la juzi. Help the Aged, shirika la wazee la Uingereza, lilianzishwa 1961 na Cecil Jackson-Cole, mfanyabiashara wa nyumba na viwanja aliyekuwa pia mmoja wa waanzilishi wa shirika la misaada la Oxfam, na huyo mzee alikuwa anaamini kabisa kwamba msaada uendeshwe kwa akili ya biashara. Shirika lake hilohilo lilikuwa kati ya yale matano, kutoka Canada, Colombia, India, Kenya na Uingereza, yaliyoungana 1983 kuunda HelpAge International, mtandao wa kimataifa wa mashirika ya wazee.

Lakini mimi swali la "inatoka wapi" naona ni nusu tu ya swali. Uliza pia imefungwa kwenye nini. Sisi kuna mwaka tulipewa hela nzuri tu ya kununua magongo ya kutembelea, masharti ni magongo na si kingine, na wazee wetu walichokuwa wanalilia ni mtu wa kuwapeleka kliniki na kuwarudisha. Basi stoo imejaa magongo, gari limelala halina mafuta, na mimi ndo naandika ripoti ya kumshukuru mfadhili. Kwenye vitabu tulikuwa na hela, kwenye uhalisia hatuna.

Mbona wanalipana mishahara? Si kazi ya kujitolea hiyo?

Hili limeulizwa na watu wengi na kuna mmoja katukana kabisa, nimemsamehe. Angalia, kazi ya wazee karibu yote ni mtu kwenda kwa mtu. Huwezi kumtumia mzee mwenye tatizo la kusahau sanduku la vitu ukasema umemsaidia, lazima mtu aende, amjue, ajue dawa gani kameza na ipi kaficha chini ya godoro, na arudi wiki ijayo mtu yuleyule maana sura mpya kila mara inamchanganya. Wanaojitolea wapo na ni watu wa maana sana ila nao wanahitaji wa kuwapanga, kuwafundisha, kuwachunguza kabla hawajaingia nyumbani kwa mzee anayeishi peke yake (hapa msinibishie, wezi wanazijua nyumba hizo), na huyo wa kuwapanga ana kodi ya nyumba kama wewe. Kwa hiyo kwenye shirika la wazee mshahara ndo huduma yenyewe.

Ukitaka kukagua kitu, kagua mshahara wa bosi, na kagua kama hesabu zinakaguliwa na mtu wa nje halafu zinawekwa wazi. Ila lile shirika linalojisifu kwamba asilimia mia ya mchango wako inamfikia mzee, mimi huwa naliuliza umeme analipa nani. Mara nyingine kuna mfadhili mmoja kakubali kubeba gharama za ofisi, sawa, mara nyingine ni maneno tu.

Mama yangu anataka kuwaachia sehemu ya mali kwenye wosia. Tunaogopa anarubuniwa.

Mwanangu, kuogopa ni haki yako, ila wosia ni moja ya njia kubwa sana mashirika haya yanapata hela na nyingi ni halali kabisa. Afu ni hela tamu kwa shirika maana mara nyingi haina masharti, ndo ile inayotia mafuta kwenye gari. Cha kuangalia: wakili mmtafute nyinyi au mama mwenyewe, mtu wa shirika asiwepo chumbani mama anapoeleza matakwa yake wala asiwe shahidi. Kama anaweza aandike asilimia ya kinachobaki baada ya madeni na urithi wenu, asiandike kiasi kamili, manake miaka ishirini ijayo kiasi hicho kinaweza kuwa hakinunui hata viatu. Na jina la shirika liandikwe lote pamoja na namba ya usajili, tena kiwekwe kipengele cha nini kifanyike jina likibadilika. Si utani, Help the Aged niliyoitaja juu iliungana na Age Concern, shirika jingine la wazee, wakawa Age UK 2009, sa fikiria wosia zilizokuwa zimeshaandikwa kwa majina ya zamani.

Kodi pia muulizeni wakili, kila nchi na lake. Uingereza kwa mfano unachowaachia mashirika ya hisani hakikatwi kodi ya mirathi, na ukiacha angalau asilimia 10 basi kiwango kwenye mali iliyobaki inayotozwa kinashuka kutoka asilimia 40 hadi 36.

Na mama awaambie watoto wote sasa hivi akiwa hai. Kesi nyingi za wosia chanzo chake ni mshtuko tu.

Shirika moja linauza bima kwa wazee. Hiyo si biashara?

Ni biashara, wanapata kamisheni. Kosa haliko kwenye kamisheni, liko pale mzee anapoamini kwamba kwa sababu jina ni la shirika lake basi katafutiwa bei nafuu kuliko zote, wakati hakuna aliyemtafutia. Kama hawasemi wazi wanapata ngapi, mimi nisingenunua, na bibi yangu pia ningemkataza.

Wana hela benki na bado wanaomba.

Akiba ya miezi kadhaa ni lazima. Ruzuku huchelewa, mzee hawezi kuambiwa arudi mwezi ujao. Ikiwa ya miaka na miaka na hawaelezi ni ya nini, hapo una haki ya kuuliza.

Nataka kumsaidia bibi mmoja tu, nimjue kwa picha, nimtumie kidogo kila mwezi. Inawezekana?

Inawezekana, baadhi ya mashirika yana mpango wa kumfadhili babu au bibi. Ila soma maandishi madogo dada yangu, mara nyingi mchango wako unaingia kwenye kapu la kijiji au kituo kizima na yule bibi wa kwenye picha ni mwakilishi tu. Mimi naona ni sawa, manake vinginevyo bibi mwenye sura ya kupendeza angepata wafadhili kumi na jirani yake aliyenuna asipate hata mmoja. Uliza tu bibi mwenyewe alikubali picha yake itumike au alisainishiwa na mtu. Kiasi kiwe kile utakachokiweza hata mwezi mbaya, kidogo kinachokuja kila mwezi kinapangika kwenye bajeti. Na pale kwenye fomu panapouliza mchango wako utumike kwenye nini, andika popote penye uhitaji.