Vitu vyote shirika

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msomaji wa masomo kanisani kwetu Igombe, Mwanza. Katika Matendo ya Mitume 2:44 imeandikwa kwamba walioamini walikuwa na “vitu vyote shirika”. Mzee wetu mmoja anasema mchapaji amekosea, kwa kuwa shirika ni kampuni au taasisi, hivyo ningepaswa kusoma “vitu vya shirika”. Je, ni kweli? Tena, neno hili lina undugu gani na ushirikina?

JIBU: Mchapaji hakukosea, na maneno hayohayo yanarudi katika sura ya 4:32. Mzee wako ameanzia kwenye maana ambayo leo tunaisikia zaidi, lakini maana ya msingi ya shirika ni hali ya watu kuwa na kitu kwa pamoja, na taasisi imepewa jina hilo kwa sababu ni mali ya wengi. Hapo neno limewekwa kama sifa ya vitu vyenyewe, kueleza namna vilivyomilikiwa.

Maana hiyo ya kale haijafa. Juzi, Kirumba Mwaloni, nilimsikia mama mmoja akiombwa apunguze bei ya gunia la dagaa. Alijibu kwamba hawezi kukata shauri peke yake, maana mzigo ule ni wa shirika, yeye na shemeji yake. Hapakuwa na kibao, mhuri wala katiba. Palikuwa na gunia moja lenye wenyewe wawili, na hakuna kati yao ambaye angeweza kuonyesha dagaa wake wanaishia wapi na wa mwenzake wanaanzia wapi. Hapo ndipo ninapoona tofauti yake na ubia, kwa kuwa ubia hutufanya tufikirie kwanza mafungu, nani ametoa kiasi gani na atapata kiasi gani, ilhali shirika hututajia kwanza kitu ambacho bado hakijagawanywa.

Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wa konsonanti tatu, sh-r-k, wenye maana ya kuwa na fungu pamoja na mwingine. Kiswahili kilipolipokea kililivalisha viambishi vyake, tukapata shiriki, shirikiana, shirikisha, ushirika na shirikisho. Walutheri nao huita jumuiya ya waumini wa mahali pamoja usharika, neno la mzizi uleule kwa irabu tofauti. Hapa kwetu Kanda ya Ziwa, ushirika umefungamana na pamba: mwaka 1955 vyama vya wakulima, ambavyo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wao wakuu, viliunda muungano wa Victoria wenye makao yake Mwanza, na muungano wa namna hiyo tukiuita shirikisho la vyama vya ushirika tunakuwa tumetumia mzizi mmoja mara mbili.

Ushirikina nao ni wa ukoo huohuo. Katika Uislamu, shirki ni kumshirikisha Mwenyezi Mungu na kingine, na wafanyao hivyo huitwa kwa Kiarabu mushrikina. Kwa hiyo ile -na ya mwisho si ya kutendana kama katika “shirikiana”, bali imetokana na wingi wa Kiarabu. Baadaye maana ilipanuka hadi kugusa hirizi na ramli, lakini kosa linalotajwa na neno lenyewe ni kumgawia mwingine kile ambacho hakina mshirika.

Basi Jumapili soma kama ilivyochapwa. Ukitia “vya”, msikilizaji atadhani waumini wale walikuwa wakitunza mali ya taasisi fulani, ilhali sura ya nne inaeleza kwamba hakuna hata mmoja wao aliyesema kuwa alicho nacho ni chake mwenyewe.