Mmarekani wa kwanza kubeba dhahabu mbili za mieleka

Mkuu uliyeuliza kama kabla ya wale wanamieleka wa Marekani John Smith na Bruce Baumgartner kuna Mmarekani aliyechukua dhahabu mbili za mieleka Olimpiki, yupo, anaitwa George Mehnert, mtoto wa Newark, New Jersey. Jamaa alikuwa kadogo tu, kilo 52 hivi, ndo akabeba ya kwanza St. Louis 1904, ila tuwe wakweli ile Olimpiki ilikuwa kama mashindano ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, hata fainali alipigana na Gustav Bauer wa hukohuko Newark, kwa hiyo wengine wanaibeza na mi siwalaumu sana. London 1908 ndo alimaliza ubishi, akapanda uzito mpaka kilo 54 akamchapa Mwingereza William Press fainali, kwao kabisa. Nyumbani alichukua ubingwa wa taifa mara 6, na kuanzia 1902 hadi 1908 alipoteza pambano moja tu, na aliyemfunga ni George Dole, ambaye naye alibeba dhahabu yake hukohuko London, uzito wa juu yake kidogo. Rekodi ya Mehnert ya dhahabu mbili ilikuja kufikiwa 1992, na haohao Smith na Baumgartner.