Zana za Karakana Katika Makumbusho ya Vienna

SWALI: Nimesoma kwamba makumbusho ya sanaa za ufundi ya Vienna, yajulikanayo kama MAK, yanahifadhi maelfu ya karatasi zilizotobolewa ambazo mafundi wa Japani walizitumia kutia nakshi vitambaa. Hizo ni zana za kazi tu. Kwa nini zihesabiwe kuwa sanaa?

JIBU: Ndugu msomaji, makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1863, kwa kufuata mfano wa yale ya South Kensington mjini London, ili mafundi na wenye viwanda wapate vielelezo bora vya kujifunzia. Kwa msingi huo, bakuli, kufuli au kipande cha hariri kilistahili heshima ileile inayopewa mchoro. Maonyesho ya Dunia yalipofanyika Vienna mwaka 1873, serikali ya Japani ilishiriki, na hamu ya vitu vya Asia Mashariki ikaongezeka sana mjini humo. Karatasi unazozitaja huitwa katagami, na nyingi zilitoka kwa Heinrich von Siebold, aliyefanya kazi katika ubalozi wa Austria-Hungaria mjini Tokyo.

Ukiitazama moja kwa karibu, utaona kwa nini haitoshi kuiita zana tu. Tabaka za karatasi ya magome hugandishwa pamoja kwa maji makali ya tunda la kaki, yanayoipa rangi ya kahawia na kuikinga isilowe, kisha fundi huitoboa kwa visu vidogo, tundu baada ya tundu, na pale nakshi inapokuwa nyembamba mno huishikiza kwa nyuzi za hariri. Karatasi hiyo hutandazwa juu ya kitambaa, ukapakwa uji mzito wa mchele; kila ulipopenya, rangi haishiki, na kitambaa kikishafuliwa nakshi hubaki nyeupe. Kosa moja la kisu lingejirudia kwenye joho zima.

Kinachonisikitisha ni kwamba mara nyingi majina ya wakataji hayakuandikwa popote, ilhali la mkusanyaji tunalijua. Tena, karatasi hizi zikitundikwa ukutani ndani ya fremu, bila kitambaa wala mwiko wa kupakia uji, mtazamaji huziona kama picha na kukosa nusu ya akili iliyomo.

Ukifika Vienna, usishangae ukikuta chache tu, kwa kuwa mwanga huzidhoofisha na nyingi hukaa ghalani. Makumbusho yameweka picha za sehemu kubwa ya hazina yake kwenye intaneti, nawe unaweza kuzikuza hadi uone nyuzi zenyewe.